Shule Niliyoijenga kwa Wivu

Sogeeni wanangu, na wewe Klaudia mama yao kaa hapa miguuni pangu, maana leo sauti ninayo na ya kesho siijui. Clavery, funga huo mlango wa uani, kuku wasituingilie. Wazee wa ukoo, karibuni viti. Na wewe Ildefons, mdogo wangu, mwalimu mkuu, nakuona umesimama pale kwenye nguzo na koti lako la Jumapili. Kaa chini. Hapa si paredi.

Kibanja cha nyumbani, pamoja na nyumba hii, migomba yake na mibuni ya mbele, ni cha Clavery, kwa kuwa ndiye omusika wangu, mrithi wangu mkuu, na hilo halina mjadala. Mibuni ya bondeni ni ya mama yenu mpaka atakaponifuata, kisha ni ya Jovita, na asitokee mtu wa kuniambia mtoto wa kike harithi, kwa maana huyu ndiye aliyeniosha miguu mwaka huu wote wakati kaka zake wana shughuli zao Bukoba mjini. Ng'ombe mtagawana bila kelele. Kinachobaki ni kile kipande cha juu penye shule, na najua ndicho mlichokijia. Nimekwisha kuambiwa, Clavery, kwamba wiki iliyopita ulipanda miramura kuzunguka uwanja wa shule, ile miti yetu ya kuonyesha mpaka, kama mtu anayetenga shamba lake, na mimi bado napumua.

Sikukasirika. Umenisikia kwa masikio yako nikisema kwamba serikali imechukua shule lakini udongo ni wangu, na kwamba iko siku nitaudai. Ulichopanda ni maneno yangu. Lakini kabla sijakata shauri, sikilizeni ile shule ilitoka wapi.

Baba yetu alikuwa na uwezo wa kusomesha mtoto mmoja tu. Mimi ndiye mkubwa, na mkubwa ndiye omusika, basi mzee akasema omusika wa nini shuleni, huyu atalinda kibanja, aende mdogo. Nikapewa jembe na pongezi, Ildefons akapewa kaptula nyeupe. Nilikuwa namsindikiza mpaka misheni, begani nimebeba mkungu wa ndizi wa mapadri, na tukifika langoni ndizi zinaingia, Ildefons anaingia, mimi naambiwa rudi. Sikurudi. Nilibaki nimeshika ua nikichungulia, ndiyo maana shule ya misheni naijua kuliko wengi walioketi ndani yake.

Pale mwenye neno alikuwa padri mmoja. Yeye alichagua nani aingie na nani afukuzwe, yeye aliwaajiri walimu, na hakuna mzazi aliyeulizwa kitu. Kengele ikilia, watoto kimya, kama wamemwagiwa maji. Madawati ya mvule, bati juu, sakafu inateleza kwa usafi. Mtoto wa Kilutheri aende kwenye misheni yao, wa Kiislamu atajua mwenyewe. Lakini walifundisha, jamani, tusiwanyime watu haki yao. Ildefons alikuja likizo akamsemesha mbuzi wa nyumbani Kiingereza, mama yetu akacheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikatamani radi impige yule mbuzi.

Kile kijiba cha roho kiliniingia siku hiyo na hakijatoka. Msidhani natubu. Padri alikuja asubuhi, ya kutubu tumeyamaliza. Haya nawaeleza jinsi yalivyo.

Mwaka wa Uhuru, Ildefons alikuwa amekwisha kuwa mwalimu katika shule ya misheni huko Bukoba, anakaa Nshambya kwenye nyumba ya saruji. Akija hapa Kamachumu watu wanaiacha rubisi, pombe yetu ya ndizi, vibuyuni, wanakimbilia kumsalimia kwa heshima, Waitu Mwalimu, Waitu Mwalimu! Na mimi niliyeikamua rubisi hiyo kwa miguu yangu naambiwa, Anatory, hebu mshikie Mwalimu baiskeli. Nikaishika. Nikiwa nimeishika vile nikaapa kwamba na mimi nitakuwa na shule.

Nikatoa kipande cha juu, chenye udongo mzuri kuliko wote nilioachiwa, kwa sababu barabara inapita pale na Ildefons akija lazima aione. Nikawaita wazazi, tukakata miti, tukaezeka nyasi. Hiyo ndiyo ikawa shule ya wazazi. Na jinsi ilivyoendeshwa! Kamati ilikaa kwenye mkeka wa kuanikia kahawa, wanaume wanasema, wanawake wanasema, mmoja ananuna anaondoka, kesho yake anarudi na mzigo wa nyasi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu wetu wa kwanza, Bartholomayo, alikuwa Mlutheri, na Wakatoliki wa kamati hawakulala vizuri mwezi mzima. Tulimlisha sisi wenyewe, leo kwako kesho kwangu. Asiye na karo alileta kuni. Mkatoliki, Mlutheri, Mwislamu na yule asiyebatizwa popote walikaa gogo moja. Msimu wa senene shule ilijifunga yenyewe, maana hata mwalimu alikuwa nje anakamata panzi hao wa kula. Kwa masomo, misheni walitushinda mbali, siwezi kuwadanganya nikiwa kitandani hapa. Ila kwetu hakuna mzazi aliyebaki langoni ameshika ua.

Likaja Azimio, na baadaye serikali ikazitwaa shule za misheni. Siku ile nilichinja jogoo. Klaudia, unakumbuka, uliniuliza leo sikukuu ya nani, nikakwambia wewe kula tu. Nilijua sasa Ildefons na mimi tumekuwa sawa. Haukupita muda mrefu na yetu ikachukuliwa, wakaleta bati, wakaleta bendera na serikali ya wanafunzi, na masomo yakawa yanapangwa Dar es Salaam na watu wasioujua mgomba. Asubuhi hesabu, mchana jembe, kujitegemea. Tukaambiwa mwalimu mkuu mpya anakuja na basi. Nikavaa kanzu yangu nyeupe, nikaiongoza kamati kwenda kumpokea. Basi likasimama, akashuka mdogo wangu na sanduku lake.

Shule zote za mkoa mzima wa Ziwa Magharibi, akaletwa kwenye yangu!

Mwaka haukuisha wakaanza kuiita shule ya Ildefons. Mtoto ukimuuliza, unasoma wapi? Anajibu, kwa Mwalimu Ildefons. Nikipita uwanjani naamkiwa vizuri, shikamoo babu, kama mzee yeyote anayekwenda zake sokoni. Na anaiendesha vizuri, ndicho kinachonila! Watoto wananyamaza kama misheni, na hakuna anayerudishwa nyumbani kwa ajili ya dini yake. Kamati bado inakaa, wazazi bado wanagombana mbele yake, na yeye anasikiliza mpaka mwisho. Mibuni ya shamba la shule inazaa kuliko yangu. Nimetafuta kosa, wanangu, nimelitafuta kwa bidii, sikulipata.

Kwa hiyo nikiwa nimelala hapa nimekuwa nikipanga kuichukua. Nikaiona akilini mibuni yako, Clavery, imejaa pale. Kisha nikaiona siku yenyewe ya kubomoa, watu wamesimama barabarani wanalia, na nikajiuliza wanalia wakisema nini. Wanasema shule ya Ildefons imevunjwa. Basi! Ningekuwa nimempa hiyo shule mimi mwenyewe, na kwa mikono ya mwanangu, na asingeweza tena mtu yeyote kumnyang'anya. Aa, sikubali. Ikiendelea kusimama, atapatikana hata mmoja wa kuuliza udongo huu aliutoa nani.

Ng'oa miramura, Clavery. Leo hii, kabla jua halijatua, na Jovita aende nawe akaone kwa macho yake. Kile kipande ni cha shule, na yeyote katika uzao wangu atakayekidai, wazee mniwie mashahidi, amelikanyaga neno langu.

Nipeni maji. Kidogo, inatosha.

Sasa kaburi. Nilitaka nilale pale juu, mbele ya darasa la kwanza, wanikute kila asubuhi wapende wasipende. Lakini kwetu alipolala baba hakuna awezaye kuwaondoa watoto wake. Mkinizika pale, kaburi litashinda miramura yote. Wewe Clavery utaheshimu, mwanao hataheshimu, atasema babu yupo hapa, hapa ni petu. Nizikeni nyuma ya nyumba, kwenye migomba, karibu na baba.

Na wewe Ildefons, acha kufuta macho, nisikilize. Najua wanavyokupenda. Siku yako ikifika watasema Mwalimu azikwe uwanjani, penye bendera. Kataa. Waambie tangu sasa. Nakuapisha mbele ya ukoo. Nikikosa mimi, ukose na wewe. Utalazwa hapa kwenye migomba, ubavuni pangu, na safari hii... safari hii nitakuwa nimekutangulia.

Sauti inaniacha. Mtunzeni mama yenu. Msipelekane barazani kwa ajili ya ng'ombe. Watoto wote waende shule, wa kike pia... hata wakati wa senene. Mungu awape uzao, awape ndizi, awape... mengine mtamwambia wenyewe.

Jovita, njoo nikushike kichwa. Clavery, piga goti, mwanangu. Klaudia... huo mkono wako ni wa baridi, au ni wangu.

Ildefons, ngoja. Nimesema ngoja. Leo uwe wa mwisho.

Haya. Njoo, mdogo wangu.