Florentin Onema, Mtu wa Kuanzia Mwisho

Leo Jumamosi, tarehe 29 Machi 1958, Bwana Florentin Onema anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika karakana ya reli hapa Kindu. Wenzangu wameniomba nieleze maisha yake kwa mpangilio. Hapo ndipo nilipokwama.

Kazini hakuna tatizo. Alianza kwa kubeba makaa, akajifunza ufuaji vyuma, akawa kapita, yaani msimamizi wetu, mkali asubuhi na mcheshi baada ya chakula. Kinachonivuruga ni michezo yake ya kuigiza katika ukumbi wa wafanyakazi.

Chanzo ni filamu moja ya muziki, ya mwokaji mikate na bendi yake. Hamisi, mwendesha mashine ya sinema, alichanganya mikanda. Tukaona harusi kwanza, kisha ugomvi, na mwishoni kabisa bwana na bibi harusi wakaulizana majina. Hatukuelewa kitu, lakini nyimbo zilikuwa tamu, tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Onema alitoka akiimba.

Tangu hapo michezo yake yote huanzia mwisho. Mgonjwa hupona, ndipo augue. Mwizi hufungwa, ndipo aibe. Hamisi alipoionyesha tena filamu ile, mikanda ikiwa sawasawa, Onema alisimama akamlaumu kwa kuiharibu. Hamisi bado anatafuta kosa lake, nami nimechoka kumsaidia.

Siku moja mkewe, Mama Joséphine, alimuuliza mbele ya waigizaji kwa nini anatusumbua hivyo. Akajibu kwa Kiswahili chetu cha hapa, ambacho "njo" yake ni "ndio": "Kwaheri museme kwanza, ile njo muzigo. Mukishaitua, kunabakia tu kukutana."

Tulicheka. Wiki hii hatucheki. Ukumbi ni wa walio kazini tu, na ombi letu kwamba aendelee kuingia limekataliwa. Anahamia Alunguli, ng'ambo ya mto. Yeye hana jukwaa, sisi hatuna mwongozaji, na tumekaa siku kadhaa tukitazamana bila kujua tuanzie wapi.

Mpaka tukakumbuka jibu lake.

Basi, Bwana Onema, asante kwa chuma na kwa vicheko. Tunakuaga leo, na inatuuma. Jumapili ijayo tutavuka Lualaba kwa mitumbwi, waigizaji wote, tupige hodi uani kwako na kukuuliza jina lako. Tunakutakia maisha mema, nayo yaanzie hapo.