Sanduku la Muuguzi Sesilia Danieli Shemhilu (1971–2025)

Marehemu Sesilia alizaliwa Malindi, hii yetu ya milimani kwa Washambaa, tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa kwanza wa Mzee Danieli Shemhilu na Mama Jenoveva. Shule ya msingi aliisoma hapahapa, akahitimu uuguzi mwaka 1994 na kupangiwa zahanati ya kijiji chetu. Mwaka 1997 alifunga ndoa na Ndugu Kristofa Mhando, mkulima wa matunda damu, yale mekundu ya huku milimani, wakajaliwa Glory na Alen.

Kuanzia mwaka 2006, kila Julai, ukungu ukiwa umetanda, wanafunzi wa uuguzi kutoka ng'ambo walikuja kujifunza kwa kuhudumia. Sesilia ndiye aliyewafasiria Kishambaa. Siku moja mwanafunzi alimvamia bibi mmoja kwa maswali ya tumbo, bibi akajifunika kanga na kugeukia ukutani.

"Muulize maharage yake kwanza," Sesilia akasema. "Ugonjwa utakuja wenyewe."

Bibi alipomaliza habari za shamba, alisema yote. Tangu hapo kila mgeni alianzia kwenye maharage.

Mwaka 2011 Sesilia mwenyewe alipata nafasi ya kusomea shahada. Sanduku la safari likafungwa. Wazee wakaja na jogoo, wakakaa uani.

"Mwanetu, ukiondoka, wageni watapokelewa na nani? Wasipokuja na dawa zao, sisi tumekwisha."

Jogoo aliliwa, na ukishakula cha wazee umekubali. Sanduku likarudi uvunguni. Kila alipoomba ruhusa tena, wageni walikuwa njiani. Wao walifuzu, wakapanda vyeo. Yeye alibaki kuwapungia mkono. Alimwambia mdogo wake Beatha, anayesoma wasifu huu: "Mdogo wangu, wamenifunga kwa shukrani. Kamba hiyo naikatia wapi?" Beatha alimwambia avumilie, na mpaka leo inamuuma.

Julai 2024 dalili za ugonjwa wake alizijua, akasema wageni waondoke kwanza ndipo apimwe. Oktoba aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Sisi tuliokwenda kumjulia hali tulimuuliza mwakani watakuja wageni wangapi. Hakuna aliyemuuliza maharage yake.

Januari, Kristofa alilitoa sanduku uvunguni, wakateremka nalo kona zote za mlima hadi Mombo, safari ya hospitali ya rufaa. Walipoingia barabara kuu, Sesilia alimshika mumewe mkono. "Baba Glory, leo nimetoka."

Alifariki tarehe 3 Februari 2025.

Ameacha mama, mume, watoto wawili, mdogo wake, na wauguzi wengi nchi za mbali. Julai itafika, na wa kuwapokea wageni hatumjui. Safari hii hakuomba ruhusa. Alale kwa amani, na mtu asimwamshe.