Mama Élisa Mbayo, Aliyewaita Wafu kwa Majina Yao

Ndugu, wakwe na majirani, huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa Luena tarehe 9 Mei 1951, mtoto wa pili wa mzee Mbuyi, mchimba makaa ya mawe, na mama Tshiala. Alisoma kwa masista mpaka mwaka wa nne wa shule ya msingi. Mama yake alipougua, aliacha daftari akashika jembe.

Shule yake nyingine ilikuwa kwa bibi yake, mwanamke aliyeitwa kwenye vilio kutaja wafu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, ili marehemu asifike kwao kama mgeni. Élisa alikaa nyuma yake akiitikia. Bibi alipokufa, kazi ikawa yake. Alilima mihogo, aliuza unga soko la Kamina, lakini watu walimjua kwa sauti ile.

Tarehe 12 Agosti 1972 aliolewa na Ambroise Muteba, fundi wa reli. Siku ya harusi baba mkwe alisimama kutaja wazee wake. Bibi harusi, aliyetakiwa kuinamisha macho na kunyamaza, akasema polepole: "Baba, umeruka shangazi yako." Watu walishika mbavu. Mzee akajibu: "Huyu mumuchunge. Siku moja atatuzika sisi wote muzuri." Kweli alimzika yeye, akazika wawili kati ya watoto aliowazaa, na mwaka 2018 akamzika Ambroise.

Baada ya hapo majina yalianza kumponyoka. Alijua kabla ya wanawe, akaficha. Wimbo ukikwama alikohoa, waitikiaji wakapaza jina, naye akalidaka vinywani mwao. Asubuhi jikoni, kabla ya kwenda kwenye kilio, alimwuliza binti yake Feza: "Baba ya Kabamba, nani alimuzala?"

"Mama, weye njo mwalimu, unaniuliza minyi?"

Alicheka, kisha akauliza tena.

Juni 2021, kwenye kilio cha mzee Kabamba, aliita wafu wa nyumba ile, na katikati yao akamwita Tshimanga, mkwe wa marehemu, askari wa Base, kambi ya jeshi ya Kamina, aliyekuwa ameketi kwenye benchi mbele yake. Waitikiaji wakageuka kumtazama. Tshimanga akajaribu mzaha: "Mama, ngoja kwanza. Sijamaliza bia yangu." Wachache walicheka. Septemba Tshimanga akafa.

Tangu hapo neno "mulozi", yaani mchawi, lilimfuata. Kwenye bomba la maji wanawake walimwambia: "Mama, jina yangu usiitaje." Hakuitwa tena kwenye kilio. Akaacha soko, akaacha misa, akalala ameelekea ukuta na chakula kikipoa. Wengine walisema ni huzuni, wengine uzee. Muuguzi aliyekuja kumwona alisema: "Iko mambo mbili. Moyo umevunjika, na ubongo unagonjwa, unasahau. Moja inasukuma ingine. Bulozi hamuko."

Januari 2023 Gisèle, mjane wa Tshimanga, alikuja akaketi mkekani. "Mama, bwana yangu alikuwa na ugonjwa ya sukari, alikuwa anaificha. Kabla ya kilio miguu ilikuwa imeshaanza kuvimba. Haukumuita weye." Mama alilia, na siku ile alikula akashiba.

Kesho yake alikuwa amesahau. Alisahau kwamba Gisèle alikuja, akasahau majina ya wanawe, akamwita mwanawe Béni kwa jina la marehemu baba yake, Ambroise. Lile moja tu halikumtoka. Kila asubuhi aliuliza: "Tshimanga alikufaka? Minyi njo nilimuita?" Feza alimjibu, "Hapana, Mama." Siku nyingine jibu lilidumu mpaka jioni. Siku nyingine halikufika hata saa sita.

Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka sabini na mitatu. Asubuhi ile pia aliuliza.

Ameacha watoto wanne, Kyungu, Feza, Béni na Mujinga, wajukuu kumi na wanane, na mdogo wake aliyebaki Luena.

Familia inaomba jambo moja. Kila atakayetupa udongo, na zaidi yule aliyelisema lile neno pembeni, aseme kwanza kwa sauti: "Mama, haukuua muntu." Safari hii jibu litakaa naye.

Mama Élisa, pumzika kwa amani.