Springi Mapajani

Mshonaji alikaa kwenye basi nyuma ya wanaume wawili wasiojuana, masikio ameyatega. Wa dirishani alikuwa amepakata springi ya gari iliyofungwa waya.

"Nimebadilisha mwenyewe nyumbani," alijisifu. "Hii ya zamani nampelekea shemeji."

Jirani yake, fundi magari mwenye ovaroli ya grisi, aliitazama springi, akaacha kutafuna. "Kaka, mbona fupi hivyo?"

"Niliibana kwa jeki, nikaifunga waya wa kuanikia nguo, ndipo ikatoka."

"Na hukuiachia ijikunjue?"

"Ya nini? Hivi inabebeka."

Fundi alijisogeza ukingoni mwa kiti. "Hiyo inabeba robo ya gari, kaka. Waya ukikatika inafyatuka; hapo umepakata bunduki, na mtutu unakutazama kidevuni."

"Mbona imetulia tangu asubuhi?"

Mshonaji, aliyezoea kuona nyuzi zikikatika bila taarifa, aliuchungulia ule waya. Mzunguko mmoja ulishaanza kufumuka.

"Dereva, shusha," fundi alisema kwa sauti ndogo ambayo basi zima liliisikia.

Basi lilisimama. Walishuka wote, mshonaji akitangulia, gauni la mteja kalisahau kitini.

Mwenye springi alibaki peke yake, hathubutu hata kukohoa. "Jamani," aliuliza kupitia dirisha, "sasa mimi nashukaje?"