Lala Ni Wapi?

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la kuchapisha karatasi, na linatosha makalio matatu na nusu. Hiyo nusu ni yangu, ingawa kwa haki ningepewa mawili. Wananiita Pasipoti kwa sababu nimefika nchi kumi na moja, nyingi nikiziona kupitia dirisha la lori nililokuwa utingo wake. Wakili hajasomea sheria hata siku moja, ila amewahi kuwa shahidi mara tatu, na mara zote upande wake ulishindwa. Antena hutengeneza redio na anaamini kila chenye waya kinamsikiliza. Wa nne ni Fundi Makochi, mtu mpole, mwenye vipande vya sponji kwenye nywele, na ndiye aliyekuja siku hiyo saa nane mchana bila hata kuagiza kahawa. Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua magotini.

— Wazee, nisaidieni. Someni hapo tarehe kumi na mbili.

Wakili akavaa miwani yake yenye mkono mmoja.

— Hii ni taarifa ya benki. Imeandikwa LALA 30, halafu wamekata pesa.

— Panda mwezi wa nyuma.

— LALA 30. Pesa ileile. Na huku tena. Mara nne!

— Sasa hiyo mke wangu ameiona. Tunaomba nyumba ya vyumba viwili, mwenye nyumba akataka taarifa ya miezi minne. Yeye ndiye aliyeenda kuichapisha.

— Kelele? nikauliza.

— Angepiga kelele ningejua pa kushika. Amenimiminia chai vizuri, akaniwekea sukari. Akasema, "Baba, leo natoka kazini saa kumi. Nitapitia hapo kijiweni kwenu, uniambie hii Lala ni wapi."

Hakuuliza ni nini. Aliuliza ni wapi.

— Na ni wapi? Antena akadakia.

— Ndugu yangu, ningejua ningekuja kukuuliza wewe?

Muuza kahawa akapita na birika lake, tukachukua vikombe vinne. Wakili akajikohoza kama mtu anayesubiriwa na jaji.

— Sikiliza, Fundi. Pesa yako ukiipeleka benki, inafanya nini usiku?

— Inakaa.

— Inalala! Inalala pale siku thelathini. Umeona? LALA 30. Hiyo ni kodi ya malazi. Benki ni gesti ya pesa.

— Mbona yako hawaikati?

— Yangu haijawahi kulala. Ikiingia asubuhi, mchana imeshatoka.

— Acheni utoto, akasema Antena, huku akigeuza simu yake kifudifudi ili isimwone. Simu inakusikiliza unavyolala. Inahesabu mikoromo. Mikoromo thelathini ikitimia, wanakata.

— Kwa hiyo nakoroma mara thelathini kwa mwezi?

— Hiyo ya bei ya chini. Wapo wa LALA 60.

Mimi nikaona wananipita. Mtu aliyefika nchi kumi na moja hawezi kukaa kimya penye neno kulala.

— Nyie hamjatembea, nikasema. Kuna miji huko nje, watu wanalala kwenye droo. Ukuta mzima wa droo, unaingia kichwa kwanza kama mkate tanuruni. Kila droo ina namba. Fundi, mtu amepanga droo namba thelathini kwa jina lako!

— Wewe ulilala humo?

— Nililala stendi. Lakini droo niliziona.

— Basi una pacha, Antena akahitimisha. Pacha yuko kwenye droo. Ana alama za vidole kama zako.

— Mama yangu alijifungua watoto sita, mmoja mmoja, na kila mmoja anamkumbushia uchungu wake. Pacha angeshamtaja!

Tukacheka mpaka benchi likalia. Fundi akacheka kidogo, kisha akatazama saa. Saa tisa na robo.

— Cheka cheka hii haitanifikisha jioni, akasema. Miaka kumi na tisa sijalala nje ya nyumba yangu. Sasa nimwambie nini, kwamba pesa yangu imelala gesti?

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Wakili akasema jambo la maana.

— Turudi mwanzo. Ya kwanza ni miezi minne iliyopita. Siku zile ulikuwa unafanya nini?

Fundi akakuna kichwa, sponji ikaanguka.

— Siku zile? Ndiyo nilikuwa na makochi kumi na mawili ya ile ofisi. Yule bwana alikuwa ananipigia kila saa. Usingizi ulinikataa kabisa, mkumbuke, hadi nikasinzia hapahapa na sindano mkononi.

Nikaweka kikombe chini.

Nilikumbuka vizuri sana. Nilimnyang'anya simu kwenye benchi hilihili. Nikamwambia huko nilikotembea watu wote wanatumia programu hii, unasikiliza mvua ikinyesha simuni, unapitiwa. Nikabonyeza Kubali, nikabonyeza Kubali, ikaomba namba ya kadi. Fundi akasita. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyevuka mipaka kumi na moja, "Hiyo ni ya kukutambua tu. Soma hapa: Bure." Kulikuwa na maneno mengine mbele ya Bure, siku saba hivi, lakini mimi nilikuwa na haraka ya kuwa mtaalamu.

Na jina lake lilikuwa Lala. Wageni wameokota neno, labda limewapendeza mdomoni. Kwetu likiingia kwenye karatasi ya benki, linavunja nyumba.

Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia, Wakili akanyoosha mgongo.

— Shemeji huyo anakuja.

Alikuwa amewahi. Amevaa sare ya kazini, kwa kuwa ni dobi wa hospitali, mikono imekunjamana kwa maji. Akatusalimia wote, tukaitikia kama watoto wa shule.

— Haya, Baba. Lala ni wapi?

Fundi akaikunja karatasi, akaikunjua tena.

— Shemeji, nikasema, Lala siyo mahali. Ni mvua. Ya simu. Niliiweka mimi, nikamdanganya ni bure. Bure yenyewe ilikuwa siku saba, kisha kila siku thelathini wanakata.

— Lakini mimi niliifuta wiki ileile! Fundi akaruka. Ile mvua ilikuwa inanipeleka msalani!

— Kuifuta ni kuifuta simuni tu, akasema Wakili, ambaye tayari alikuwa ameichukua simu na kupekua orodha ya vitu vinavyolipiwa. Mkataba unabaki. Huu hapa. Bado unaishi.

Shemeji akaketi kwenye nusu yangu. Nikasimama bila kuambiwa.

— Mimi wala sikudhani una mtu, akamwambia mumewe polepole. Nilidhani umepanga chumba ukapumzike. Kwa sababu ninakoroma.

— Mama we! Mimi nisiposikia mkoromo wako naamka kuangalia kama uko salama.

— Kwani unakoroma kweli, shemeji? akauliza Antena.

— Antena, kunywa kahawa yako, akasema Shemeji.

Akacheka yeye wa kwanza, mabega yote. Fundi akacheka kama mtu aliyetuliwa gunia. Wakili akabonyeza Sitisha, simu ikauliza kama ana uhakika, akailalamikia kwamba hilo ni swali la kumyumbisha shahidi, akabonyeza tena. Ikaandika kwamba imesitishwa. Tukapiga makofi. Nikawalipia wote kahawa, na nikamwahidi Fundi kwamba ile miezi minne ni juu yangu.

— Hapana, Pasipoti, ulitaka nilale, akasema. Yameisha.

Nikashukuru, nikaanza kuwaeleza kwamba mvua yenyewe si mbaya, mimi kwa mfano siwezi kulala bila hiyo, ni mwaka wa tatu sasa.

Shemeji akashusha kikombe.

— Ya kwako, shemeji, uliisitisha lini?

Antena akanitazama. Wakili akavua miwani. Mlangoni mwa duka, mwenye mashine ya kuchapisha akachungulia, akaniuliza kama aongeze karatasi kwa taarifa ya miaka mitatu.