Bi. Notburga na Mbweha wa Ndani ya Kinanda

Baada ya miaka thelathini na minane ya kututunzia vitabu hapa abasia ya watawa ya Gerlachsberg, Bi. Notburga Prantl anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Abate Koloman, mkuu wetu, ameniomba niandike kwa heshima. Nitajitahidi.

Alipoajiriwa alikabidhiwa funguo, ngazi na pengo moja rafuni. Hapo palikuwa na kitabu cha hadithi cha Kilatini, kilichoandikwa kwa mkono, ambacho wahubiri wa kale walikitumia kuwaamsha waumini wanaosinzia. Kilipotea zamani za kale. Yeye akawa analifuta vumbi lile pengo kila Ijumaa. Abate alipotaka kuweka hapo mashine ya kahawa, Bi. Notburga alimjibu kwamba msafiri akirudi asikute kitanda chake kimelaliwa. Kahawa tunainywea uani hadi leo, hata theluji ikianguka.

Kwaresima ya mwaka huu kinanda cha kanisa, kikubwa kama chumba, kilianza kukohoa. Fundi akaifungua mifuko ya ngozi inayokisukumia upepo. Kumbe watawa wa zamani waliitia viraka kwa kurasa za kitabu chetu! Kuzibandua ni kukinyamazisha kinanda, na Bruda Engelmar, mpigaji wetu, alisema wambandue yeye kwanza.

Basi Bi. Notburga akaingia ndani na tochi. Tatizo, kurasa hukunjamana mifuko ikiwa mitupu, hunyooka ikijaa upepo. Ili asome, sharti Bruda apige. Bruda akapiga, Bi. Notburga akasoma kwa sauti: mbweha kavaa joho la padri, anamwungamisha kuku. Utamu ulipokolea, Bruda akaacha kupiga ili asikilize. Mifuko ikanywea, maneno yakamezwa na mikunjo.

"Piga wewe, Bruda," sauti ikatoka ndani. "Kuku ameshaanza kutubu!"

Umebaki ukurasa wa mwisho. Uko kwenye mfuko mkubwa kuliko yote, ambao hujaa tu kinanda kikinguruma kwa nguvu zake zote. Saa ya ukutani tuliyotaka kumzawadia ameikataa katakata. Anataka wimbo mmoja wa kishindo, wenye beti nyingi.

Kwa hiyo, wageni waalikwa, msimtafute kiti cha mbele. Tutamuaga akiwa ndani ya kinanda. Tafadhali msiimbe: atakuwa anasoma.

Bi. Notburga, umetulea pamoja na vitabu vyako, na tutakukosa mno. Asante kwa yote. Ustaafu wako uwe mtamu, wenye afya na vicheko. Ila usituondokee kimya kimya: ukitoka humo, tuambie kama kuku alipona.