Kikombe cha Kwenda Hospitali

Mbele ya banda la ushonaji kuna benchi refu lenye mguu mmoja wa kuazima, na benchi hilo lina sheria yake: anayekwenda hospitali hapiti bila kikombe cha kahawa ya bure, akishike kwa mikono miwili mpaka damu ichangamke. Sheria aliitunga Birika, muuza kahawa, naye anaijivunia kuliko wanawe. Asubuhi hiyo ya manyunyu ilikuwa zamu ya Mama Pindo, fundi cherehani, safari ya tatu mwaka huu. Baridi ikipiga tu, vidole vyake hugeuka vyeupe kama chaki, kisha bluu, kisha vyekundu, na siku hizi hata kushika sindano ni kazi. Daktari amemwambia mara mbili kwamba ni umri. Ana miaka thelathini na tisa, na kazi nyingine haijui.

— Ni umeme, alisema Fyuzi, mtengeneza soketi wa mtaa mzima. Kwenye meni suichi upo, ila nchani haufiki.

— Umeme wa wapi? Koki, fundi bomba, alimkatiza. Si mwenyewe kasema chakula kinamkwama kooni? Kooni kumeziba, vidoleni hakufiki kitu. Bomba ni hilohilo!

— Koo ni koo, vidole ni vidole, Birika aliamua. Ukimchanganyia daktari viungo naye atachanganyikiwa. Leo vidole, mwezi ujao koo.

Ndivyo Mama Pindo alivyofanya hata safari zilizopita: vidole alivipeleka chumba namba tatu, koo chumba namba saba.

— Hamna macho nyie! Fyuzi alisimama. Mama Pindo, wiki jana ulianza kushona nini?

— Sare za wauguzi.

— Nyeupe! Halafu?

— Ovaroli za bluu.

— Halafu?

— Mapazia... mekundu.

— Haya sasa! Rangi inapanda!

— Na pete yake isiyotoka kidoleni, je? Koki aliuliza.

— Ngozi imerudi, alisema Birika. Si kitambaa kisipolowekwa kabla ya kushonwa hurudi? Kwani huyu alilowekwa lini?

Benchi lilitikisika kwa vicheko. Mama Pindo alicheka nao, maana ukinuna hapa unaongezewa ugonjwa mwingine. Lakini aliogopa, tena aliogopa sana, na alikumbatia kikombe chake mpaka vidole vikarudi kuwa vidole vya watu.

Mlangoni alisimama mteja aliyefuata sketi ya binti yake. Alikuwa amesikiliza yote.

— Samahani, dada. Daktari amewahi kuviona vikiwa vyeupe?

— Hapana. Kila nikifika vinakuwa vizima.

— Vinaponea wapi?

Koki alikitazama kikombe. Fyuzi naye alikitazama. Birika alianza kufuta birika ambalo lilikuwa safi.

— Basi hata picha hamna? aliuliza mteja.

Fyuzi, ambaye simu yake imejaa picha za soketi zilizoungua, aliinamisha kichwa.

Mama Pindo aliweka kikombe chini. Alikwenda kwenye ndoo ya maji baridi ambamo Birika husuuzia vikombe, akatumbukiza mkono.

— Taratibu, dada yangu, Birika alisema kwa sauti ndogo. Itauma.

— Imeuma mwaka mzima, na wewe unanipasha moto.

Koki alishika mwavuli juu ya ndoo, Fyuzi akaelekeza simu, na watu waliokuwa wakimpasha moto kwa upendo sasa walisubiri ugonjwa utokeze. Baada ya muda aliutoa mkono. Vidole vitatu vilikuwa vyeupe pepepe, kila mtu akaona.

— Piga, alisema Mama Pindo, machozi yakimlengalenga. Na leo koo nakwenda nalo chumba hichohicho.

Kahawa yake ilibaki kwenye benchi, imejaa, mpaka ikapoa.